Basi Lililoondoka Lambwe Tupu

Jumanne moja asubuhi, mwezi wa pili mwaka jana, Benta Oyaro alikuwa amechuchumaa kando ya dimbwi la matope pale Macalder, akizungusha karai lenye unga wa mawe, simu ilipolia mfukoni mwa aproni yake. Hakuishika. Mikono ilikuwa na matope, na chembe za dhahabu, kama zilikuwapo, zingemwagika akizubaa. Alimaliza kwanza, akanawa, ndipo akaitoa. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mwanawe Elijah.

Aliusikiliza mara moja. Akausikiliza tena akiwa amesimama. Wanawake waliokuwa wakisafisha mawe pamoja naye wanasema hakupiga kelele wala hakulia. Aliwaita tu wasogee karibu, akaiwasha ile sauti kwa mara ya tatu ili nao wasikie.

"Mama, hapa hakuna ghala. Hakuna lori. Wametupa magwanda na bunduki, wanatufundisha kupiga risasi. Ile karatasi tuliyotia sahihi ilikuwa ya jeshi, na hatukuweza kuisoma. Wiki ijayo tunapelekwa mbele. Niombee. Usimwambie dani."

Dani ni nyanya yake, mama yake Benta, mzee sana sasa, anayeishi Sindo kando ya ziwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo Macalder, Nyatike, na habari hiyo niliipata saa saba mchana, Benta alipoingia uwanjani mwa shule na matope yamekauka magotini. Elijah nilimfundisha darasa la sita. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali, mwenye mwandiko mbaya.

"Mwalimu," Benta aliniambia, "nataka barua. Iandike kwa Kiingereza kikali."

"Barua ya kwenda kwa nani?"

"Bado sijui. Wewe anza kuandika."

Ndivyo alivyo. Alizaliwa Sindo kwa watu wa kuanika omena, dagaa wa ziwani, akaolewa Macalder akiwa na miaka ishirini. Mumewe aliugua akafa Elijah alipokuwa darasa la nne, na tangu siku hiyo Benta akawa mtu wa kuponda mawe na kuzungusha karai, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Sasa ana miaka hamsini na mmoja. Mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Elijah alipomaliza shule alipata leseni ya kuendesha malori, akawa anabeba mahindi kutoka Kegonga kwenda Kisii. Ni huko barabarani alikosikia habari za ajenti aitwaye Caleb, aliyekuwa amekodi chumba mjini Migori na kubandika ramani ya dunia ukutani. Kazi ilikuwa ya udereva wa ghala, nje ya nchi, chakula na malazi juu ya tajiri. Kanisa lilimwombea Elijah Jumapili mbili mfululizo. Benta alichinja jogoo. Mwezi wa kwanza kijana akapanda ndege.

Kesho yake baada ya ule ujumbe tulikwenda Migori. Chumba cha Caleb, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo, kilikuwa kimejaa mapazia ya mitumba. Mama aliyekuwa akiyauza alisema alikipanga mwanzoni mwa mwezi, hakumjua aliyekuwapo kabla yake. Simu ya Caleb ilikuwa imezimwa. Tukaenda ofisi moja, tukaelekezwa nyingine, na huko ofisa aliisoma barua yangu hadi mwisho, akaikunja.

"Mama, huyu ni mtu mzima. Alitia sahihi mwenyewe."

"Alitia sahihi kuendesha lori," Benta akasema.

"Una nakala ya mkataba?"

"Ningekuwa nayo ningekuja kwako?"

Tulipotoka nje alinirudishia barua. "Ni nzuri, Mwalimu, lakini inasomwa na mtu mmoja mmoja. Mimi nataka wasikie wote."

Alikwenda kwenye kituo cha redio cha pale mjini, akakaa kwenye benchi la mapokezi siku mbili. Waliokuwa wakiingia na kutoka walimzoea hadi wakaanza kumletea chai. Siku ya tatu mtangazaji wa asubuhi alimpa dakika tano. Benta alianza kwa Dholuo, lugha ya Waluo, halafu akageuka akasema kwa Kiswahili, kwa sababu hakujua nani mwingine amepotelewa na mtoto.

"Naitwa Benta, mama Elijah, wa Macalder. Mtoto wangu alidanganywa akapelekwa vitani. Hana ugomvi na watu anaoambiwa awapige. Hata majina yao hawezi kuyatamka. Kama mtoto wako alipitia kwa mtu anaitwa Caleb, nipigie. Na kama hajapanda ndege bado, pasipoti yake ifungie kwenye sanduku, ukalie juu."

Hakuwa amefika langoni simu ilipolia. Aliyepiga alijitambulisha kama Zablon Nchagwa, mkulima wa Kegonga, kule kwa Wakuria. Mwanawe Mwikwabe aliondoka siku moja na Elijah, kwa ndege moja, na vitanda vyao kambini vilikuwa vinapakana.

Walikubaliana kukutana Jumamosi katika hoteli ya chai mjini Migori. Shemeji yake Benta aliposikia hakufurahi.

"Utakaa meza moja na Mkuria usiyemjua?"

"Mtoto wake analala kitanda kinachopakana na cha mtoto wangu," Benta akamjibu. "Unataka nimjue namna gani tena?"

Zablon alikuwa mrefu, mwenye miaka sitini na nne, na sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo. Lugha waliyokuwa nayo wawili wale ni Kiswahili tu, na kila mmoja alikivunja kwa namna ya kwao, lakini sikuwahi kuona watu wakielewana haraka vile. Zablon alitoa picha ya Mwikwabe, Benta akatoa ya Elijah, wakazilaza kando kwa kando baina ya vikombe.

"Mimi nilikwenda vitani nikiwa na miaka kumi na tisa," Zablon akasema, akiligusa sikio lake. "Vita vya ng'ombe, ukoo kwa ukoo. Tulikuwa tunataka ng'ombe wanane. Tuliwaleta. Wakafa wote kwa ugonjwa wa ndigana kabla mvua haijaisha. Ndugu yangu mdogo alibaki kulekule. Sasa mtu akinieleza habari za ushujaa wa vita, huwa namuuliza, wewe ulimzika nani?"

"Watoto wetu tutawarudisha vipi, Mzee?"

"Sijui, mama. Lakini mtu akipiga kelele peke yake wanasema ni mwendawazimu. Tuwatafute wengine."

Wakawatafuta. Kwa redio, kwa makanisa, kwa kuuliza sokoni, kutoka Kegonga mpaka Mbita, walipata familia kumi na moja, zao zikiwemo, za Migori na Homa Bay. Niliyaandika majina kwenye daftari la shule: Waluo, Wakuria, na kijana mmoja Mkisii, Ondieki, aliyekuwa fundi wa magari Rongo. Wazazi wale walianza kukutana kila Jumamosi ya pili. Wengine hawakuwa wamewahi kula nyumba moja na watu wa kabila jingine. Wakaanza kuulizana habari za shamba, za magoti yanayouma, za mabinti wanaokaribia kuolewa.

Utaona kwamba sijataja vita hivyo ni vya nchi gani na gani. Siyo kwamba nimesahau. Benta alikataa kabisa nchi zile zitajwe katika mikutano yetu. Siku hizo kila ukifungua taarifa ya habari kulikuwa na vita vitatu au vinne, kila pembe ya dunia ikiwaka, na wanaume pale Macalder walikuwa wameanza kushabikia pande kama watu wanaotazama mpira. Huyu amepiga, yule amerudisha. Mara moja Oyaro mdogo, yule shemeji, alishangilia mbele yake mji fulani ulipopigwa mabomu.

"Umeshangilia nini?" Benta akamuuliza.

"Si ni upande ule mbaya?"

"Katika nyumba zile kuna mwanamke alikuwa anasonga ugali wao, wowote ule wanaokula. Mwiko uko mkononi hadi sasa. Wewe unashangilia."

Sikumsikia Oyaro akishangilia tena. Tangu hapo ikawa sheria ya kikundi chetu kwamba nchi haitajwi. Tunapinga vita vyote, basi.

Tulikwenda Nairobi mara tatu na majina yale kumi na moja. Wazazi walisimama nje ya lango la wizara ya mambo ya nje wakiwa na mabango waliyoyaandika kwa rangi ya kupaka nyumba: TURUDISHIENI WATOTO. HATUNA UGOMVI NA MTU. Mara ya kwanza walinzi walitufukuza. Mara ya pili waandishi wa habari walikuja. Mara ya tatu mwanamke mmoja ofisa alitoka, akatuingiza ndani, akaketi na daftari langu saa mbili nzima, akiuliza tarehe na kuandika. Alisema ukweli, kwamba itachukua muda mrefu na kwamba si wote watakaopatikana. Benta alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Alikuwa mtu wa kwanza aliyetusikiliza bila kutazama saa.

Mwezi wa tano ukaja ujumbe mwingine wa Elijah, mfupi. "Mama, Mwikwabe hayupo tena. Mwambie baba yake sikumwacha peke yake."

Benta angeweza kupiga simu. Hakupiga. Alitoka Macalder alfajiri, akabadilisha magari, akamalizia safari kwa pikipiki hadi boma la Zablon huko Kegonga. Walikuwa uani, Zablon na mkewe, wakipukuchua mahindi. Zablon alipomwona akishuka kwenye pikipiki aliweka gunzi chini polepole. Alikwisha jua.

"Kaa kwanza, mama," akasema. "Umetoka mbali."

Alikaa. Akawaambia. Akabaki pale siku tatu, akipika na kuteka maji na wanawake wa boma lile ambao hakuna hata mmoja aliyejua Dholuo. Mwili haukuwapo wa kuzika. Baada ya msiba wazazi wote wa kikundi walidhani Zablon amekwisha, hataonekana tena. Lakini Jumamosi ya kikao ilipofika alikuwa wa kwanza kuketi, amevaa koti lake jeusi.

"Nimekuja kazini," alisema tu.

Naye Elijah akanyamaza. Simu yake haikupatikana mwezi wa sita wote.

Sasa nifike kwenye ile siku ya Lambwe.

Mwezi wa saba, Jumatatu, Benta alipigiwa simu na msichana asiyemjua, Lynnet, fundi cherehani katika soko moja la bonde la Lambwe. Alikuwa amemsikia redioni. Alisema kuna mtu ameingia kwao anaitwa Stanley, anaandikisha vijana kwa kazi ya mashamba ya matunda nje ya nchi. Mdogo wake Willis amejiandikisha. Pasipoti zote anazo huyo Stanley. Basi linakuja kuwachukua Alhamisi saa nne asubuhi.

"Ana kovu hapa juu ya nyusi?" Benta akauliza.

"Ndiyo, mama. Umejuaje?"

Katika picha zote za siku ya kumuaga Elijah, yule Caleb alikuwa amesimama nyuma, akitabasamu, na kovu juu ya nyusi.

Alhamisi tulikuwa Lambwe saa tatu. Tulikuwa Benta, Zablon, wazazi wengine sita na mimi niliyeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu kwa kisingizio cha jino. Basi lilikuwa limeegeshwa mbele ya soko, na vijana ishirini na saba walikuwa wamesimama na mabegi yao, wamevaa viatu vizuri, mama zao na dada zao wakiwazunguka. Wengine walikuwa tayari wanaimba. Caleb alisimama mlangoni mwa basi amevaa kofia, mkoba mweusi begani. Lynnet alikuwa ameazima kipaza sauti cha kanisa na kukichomeka kwenye stima ya kibanda chake cha cherehani.

Benta hakuhutubia. Alisalimia watu, akasema jina lake na anakotoka, akaweka simu mbele ya kipaza sauti.

"Mama, hapa hakuna ghala. Hakuna lori..."

Sauti ya Elijah ilitanda soko zima. Wimbo ulikatika. Wauza nyanya walisimama. Ilipofika "usimwambie dani", nilimwona bibi kizee mmoja akijifunika uso kwa leso.

"Hizo ni porojo!" Caleb akapaza sauti. "Hawa wametumwa kuwaharibia maisha. Pandeni gari, tumechelewa!"

Hakuna aliyepanda, lakini hakuna aliyeondoka pia. Kijana mmoja mwembamba akatoka mbele. Alikuwa Willis.

"Mathe, pole kwa mtoto wako," akasema. "Naongea kwa heshima. Mimi niko na diploma ya umeme na nachunga mbuzi za wenyewe. Ukinishusha leo kwa hii basi, kesho nitafanya nini?"

Watu wakamgeukia Benta. Nilimwogopea, kwa maana swali lile lilikuwa la haki.

"Sijui, nyathina, mtoto wangu," Benta akasema. "Sina kazi ya kukupa, na sitakudanganya kama huyu. Kesho utaamka bila kazi, na mimi nitaamka nizungushe karai langu. Lakini utaamka. Na kitu kingine. Hebu tuseme uende, usife, ufaulu kabisa. Kazi yenyewe utakayofaulu ni ipi? Ni kumuua mtoto wa mama mwingine kama mimi. Mtu amekutoa Lambwe, amekupandisha ndege, ili uende ukamfanye mwanamke usiyemjua alie kama ninavyolia mimi. Mama yako hakukuzaa kwa kazi hiyo."

Hapo Zablon akasogea kwenye kipaza sauti na picha mkononi. "Huyu ni Mwikwabe wangu. Miaka ishirini na nne. Yeye aliambiwa ni ghala, nyinyi mnaambiwa ni matunda. Mimi sina hata kaburi la kupalilia." Akaiinua picha juu ya kichwa, akabaki ameishika vile.

Willis akageuka, akamwendea Caleb, akanyoosha mkono.

"Nipe pasipoti yangu."

"Umetia sahihi, kijana. Ukivunja mkataba utashtakiwa."

"Nipe pasipoti yangu."

"Na yangu," akasema mwingine. "Na yangu!" Sauti zikawa nyingi. Caleb aliruka ndani ya basi, akamwamrisha dereva aondoke. Dereva, baba mtu mzima aliyekodiwa tu kwa safari ile, alikuwa amesikia kila neno. Alizima injini, akachomoa ufunguo, akashuka, akaenda kusimama upande wa wauza nyanya.

Watu walimvuta Caleb nje. Mawe yakaokotwa. Nyote mnajua mambo kama haya yanavyoishia, na mimi nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Benta alikuwa amesimama kati ya Caleb na umati, mikono ameitanua.

"Mawe chini!"

"Mama, huyu ndiye aliyemuuza mtoto wako!"

"Najua kuliko nyinyi! Hakuna aliye na hasira hapa kunishinda mimi. Lakini tumekuja kupinga kuuana. Tukimuua huyu, tutakwenda kesho kuwaambia watu nini? Hata kule wanaouana kila mmoja ana sababu yake. Mawe chini, tafadhali. Akapelekwe kwa polisi akiwa mzima."

Umati haukutulia mara moja. Ndipo Zablon, ambaye mtu angeweza kumsamehe kama angeokota jiwe kubwa kuliko yote, akaenda akasimama bega kwa bega na Benta. Baada ya muda nilisikia jiwe la kwanza likidondoka, kisha la pili, kisha mengi kwa pamoja.

Lynnet alichukua ule mkoba mweusi, akaketi kwenye kiti chake cha cherehani, akaanza kusoma majina kwenye kipaza sauti. Kila kijana aliposikia jina lake alikuja akachukua pasipoti, na kila alipochukua wanawake walipiga vigelegele. Vigelegele ishirini na saba nilivihesabu. Mama mmoja alimbeba mwanawe mgongoni, jitu zima la miaka ishirini na miwili, akazunguka naye soko. Polisi walipokuja kumchukua Caleb walimkuta ameketi kwenye kreti ya soda, bila hata mkwaruzo. Kesi yake bado iko mahakamani, na wazazi wetu huhudhuria kila siku inapotajwa.

Saa saba dereva aliwasha basi lake, akapiga honi ndefu, akaondoka Lambwe na viti vyote vitupu. Watu walilikimbilia hadi kona wakipunga mikono na kuimba.

Habari ile ilienea. Machifu wakatualika kwenye baraza, makanisa yakatualika, shule za sekondari zikatualika. Willis akawa anakwenda nasi kurekebisha vipaza sauti, na baadaye akawa anaongea mwenyewe, maana vijana walimsikiliza kuliko wazee. Hadi mwisho wa mwaka tulikuwa tumefika mahali arobaini na mbili. Kazi ya umeme Willis alikuja kuipata kwa njia hiyo hiyo: kanisa moja la Kegonga lilimpa jengo lote aweke nyaya, na baada ya hilo akapewa zahanati.

Mwezi wa tisa shirika moja linalofuatilia mateka wa vita lilimwita Benta kwenye ofisi yao. Tuliketi mbele ya kompyuta. Picha ilipotulia, tulimwona Elijah kitandani, amekonda, ndevu zimemjaa, anacheka. Alieleza kwamba alitupa bunduki akatoka kwenye handaki mikono juu, akapigwa risasi ya paja, hata hakujua imetoka upande gani. Waliomwokota ni wale aliokuwa ameletwa kupigana nao. Kando yake alikuwapo daktari, mwanamke mwenye nywele za mvi, ndiye aliyemtibu mguu. Daktari akasema maneno, na mkalimani wa shirika aliyeketi nasi akayageuza.

"Anasema mwanao anapona. Anasema na yeye ana mtoto wa kiume, yuko mstari wa mbele. Hajasikia sauti yake wiki tano."

Benta aliweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta. "Mwulize mtoto wake anaitwa nani. Mimi huomba kwa majina."

Daktari akalitaja. Lilikuwa jina gumu. Benta alilirudia mara ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu alilipata sawasawa, na yule daktari akaweka mkono kinywani. Nilisikia mtu analia kwa sauti karibu yangu. Alikuwa mkalimani.

Jumapili iliyofuata jina lile lilitajwa katika maombi huko Macalder, na Kegonga kwa kina Zablon, na Lambwe. Wiki tatu baadaye ujumbe ukaja kupitia shirika: kijana wa daktari amepiga simu nyumbani, yu hai. Kanisa la Macalder lilipotangaziwa, watu walicheza hadi mchungaji akasahau kuhubiri.

Mwezi wa kumi na mbili mateka wanne wa kundi letu waliachiliwa, na watatu waliokuwa bado kambini kwa jeshi lililowaandikisha walirudishwa kwa juhudi za yule ofisa wa Nairobi. Saba kati ya kumi na mmoja. Wawili tunajua walikufa. Wawili bado tunawatafuta, na picha zao ziko kwenye kila mkutano.

Elijah alifika Macalder Jumamosi mchana. Mitambo ya kusaga mawe, ambayo hunguruma mchana kutwa, ilizimwa yote kwa mara ya kwanza tangu nihamie huko, na ukimya ule ulituchanganya, tukawa tunanong'ona. Kisha gari likasimama, na Elijah akashuka na fimbo mkononi. Benta hakukimbia. Alitembea, akamshika uso kwa mikono yake yenye nyufa, akamtazama jicho moja kisha la pili, na ndipo akapiga ukelele wa shangwe ambao nadhani ulisikika ziwani. Dani alikuwa ameletwa kutoka Sindo, ameketi kitini. Alikuwa amejua kila kitu tangu mwezi wa tatu, alitwambia, ila alituacha tujisikie wajanja.

Tulikuwa katikati ya pilau lori lilipoingia kutoka Kegonga, limejaa watu wamesimama. Zablon alishuka wa kwanza. Elijah alijaribu kuinuka haraka, fimbo ikaanguka, Zablon akamdaka na kumkumbatia.

"Keti, mwanangu, keti. Nataka unieleze jambo moja tu. Usinifiche."

"Uliza, Mzee."

"Mwikwabe aliua mtu?"

Elijah alimtazama machoni.

"Hapana. Bunduki yake alikuwa akiipiga juu. Kila mara, juu kabisa. Kikosi chote tulijua, hakuna aliyemsema. Siku ile alikuwa amembeba Ondieki aliyeumia, bomu likamkuta njiani. Ondieki yule pale, ameketi na mama yake. Mwikwabe hakumuua hata mtu mmoja."

Zablon alimtazama Ondieki. Akavua kofia. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini kidevu chake kilikuwa juu.

"Basi mwanangu aliwashinda waliompeleka vitani," akasema. Akawageukia watu wake kwenye lori, akarudia kwa Kikuria kwa sauti kubwa, na sauti ile ikamrudia kutoka kwa watu hamsini.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha wimbo. Ulikuwa wa Kikuria, wa kumpokea mtu aliyetoka safari ngumu, na sisi wa Macalder hatukujua hata neno moja. Benta alifunga leso kiunoni, akaingia katikati ya duara, akaanza kuruka pamoja nao.